Siku Thelathini na Tisa za Mlevi

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Methali hii husemwa ili kumtisha mwizi na kumfariji aliyeibiwa. Lakini mtu akiitafakari kwa utulivu ataona kwamba ina upande wa pili. Ikiwa mwizi hukamatwa siku ya arobaini, basi siku thelathini na tisa zilizotangulia aliiba akarudi nyumbani salama, akala, akalala. Siku hizo ndizo zilizomfundisha kazi yake. Hata ukimwekea adhabu kali namna gani mwishoni mwa safari hiyo, yeye anaijua zaidi ile njia ya siku thelathini na tisa, kwa sababu ameipita.

Nimeanza na methali hiyo kwa ajili ya swali ambalo hapa Kasanda, na nadhani kila penye barabara, huulizwa kila gari au pikipiki inapoua mtu na dereva akakutwa ananuka pombe. Watu husema sheria ni laini. Husema waongezewe miaka, wafungwe maisha, wanyang'anywe leseni wasiione tena. Nimelisikia neno hilo kwenye matanga, kwenye mkutano wa kijiji na sokoni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na mwalimu wa historia akisikia watu wanataka jambo fulani lifanyike, hujiuliza kwanza kama limewahi kufanyika mahali pengine, na likazaa nini. Ndiyo kazi ya insha hii.

Kwanza tutazame tulikotoka. Wazee wa Buha hawakuwa watu wa kuikimbia pombe. Ilikuwapo ya ndizi, ya mtama na ya ulezi, na ilikuwapo ya asali, maana nchi hii ya Buyungu na Muhambwe ni nchi ya mizinga ya nyuki. Pombe ilinyweka kwenye mahari, kwenye matanga, na baada ya watu kulimiana mashamba. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba zamani ilikuwa peponi. Walevi walipigana, na wake zao waliumia. Lakini aliyelewa alirudi kwa miguu. Akianguka aliangukia majani, akipotea alipotelea shambani kwa jirani. Hakuwa na chombo cha tani tatu mikononi mwake.

Chombo kilitoka nje, na sheria yake ilitoka huko huko, kwa hiyo hapana budi twende Uingereza kidogo. Mwaka 1872 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya vileo iliyosema kwamba mtu akilewa huku ana mamlaka juu ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke, atozwe faini isiyozidi shilingi 40 au afungwe kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Motokaa ilikuwa bado haijazaliwa. Ilipozaliwa, haikuchelewa kumpata mlevi wake. Mwezi Septemba 1897 dereva wa teksi wa London aitwaye George Smith aliligonga jengo katika mtaa wa New Bond Street, akakiri kwamba alikuwa amekunywa, akatozwa faini. Huyo ndiye anayetajwa kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kutiwa hatiani Uingereza kwa kosa hilo.

Mwaka 1925 sheria ililitaja gari la injini kwa mara ya kwanza, na mwaka 1930 ikaandikwa upya kwa maneno ambayo yamesafiri mbali kuliko waliyoyaandika. Ilisema kosa ni kuendesha ukiwa umeathiriwa na kinywaji au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji. Kunywa si kosa. Kunywa na kuendesha si kosa. Kosa ni kushindwa kulimudu gari. Sasa nani ataithibitishia mahakama kwamba mtu alishindwa? Madaktari wa polisi walimtembeza mshitakiwa kwenye mstari wa chaki, wakamwambia atamke maneno yanayotatiza ulimi. Mtu mwenye ulimi mwepesi na miguu imara aliponea hapo. Adhabu ilikuwapo kitabuni. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mtu kwenye adhabu hiyo.

Maneno hayo ya mwaka 1930 ndiyo yaliyoingia katika sheria za makoloni yao ya Afrika Mashariki. Kenya iliyaweka katika Sheria ya Trafiki ya mwaka 1953, na yamebaki humo hata baada ya uhuru. Sisi nasi tuliyarithi. Nitarudi kwenye urithi huo baadaye, maana umeleta kisa cha mafunzo huko Nairobi.

Lakini ukoloni ulituachia na somo jingine kuhusu pombe na adhabu. Mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels mwaka 1890 yakakubaliana kuibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza Mwafrika alikatazwa kisheria kunywa vinywaji vikali ambavyo Mzungu alijinywea kilabuni kwake. Je, watu waliacha? Walijifunza kupika cha kwao, wakakiita moshi, na baadaye gongo. Serikali yetu huru nayo mwaka 1966 ilitunga sheria ya kuzuia utengenezaji wa moshi. Ni miaka mingi tangu hapo. Msomaji wa kijijini anajua, bila mimi kumtajia nyumba, kama gongo imekwisha au haijakwisha. Mpishi wa gongo anajua kwamba akikamatwa anaweza kufungwa. Anajua pia ni mara ngapi amepika na ni mara ngapi amekamatwa. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayomwongoza.

Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliliona jambo hili mwaka 1764, alipoandika kitabu kuhusu makosa na adhabu. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachozuia uhalifu si ukali wa adhabu bali uhakika wake, na kwamba adhabu ya wastani isiyokwepeka humtia mtu hofu kuliko adhabu ya kutisha yenye matumaini ya kuikwepa. Katika mambo mengi hoja kama hii hubaki kuwa maneno ya mwanafalsafa. Kwa ulevi barabarani imejaribiwa kwa vitendo, na matokeo yake yapo.

Tuanze na Norway. Mwaka 1936 nchi hiyo iliachana na habari ya mstari wa chaki ikaweka kipimo: miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu, basi, ukivuka umekosa, hata kama unatembea sawasawa. Na adhabu yake ilikuwa kali, kifungo kikiwa jambo la kawaida hata kwa asiyemgonga mtu. Sweden ikafuata njia hiyo mwaka 1941. Dunia ikasadiki kwamba nchi hizo zimelimaliza tatizo kwa ukali. Mwaka 1975 mtaalamu wa jamii wa Marekani, H. Laurence Ross, alizipekua takwimu za ajali za nchi hizo mbili kuangalia kama zilishuka pale sheria zilipoanza. Hakuona mshuko uliolingana na sifa hizo.

Uingereza ilikuja kufanya lake mwaka 1967, waziri wa usafiri akiwa Barbara Castle. Kuanzia tarehe 9 Oktoba mwaka huo askari aliruhusiwa kumpulizisha dereva katika kipimo, na kikomo kikawa miligramu 80. Watu walipiga kelele, wenye baa wakalia kwamba wanafilisika. Lakini katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Ross huyo huyo aliichunguza sheria hii pia, akaona kwamba ajali za usiku wa mwisho wa wiki, saa ambazo baa hufungwa, zilishuka sana. Kisha, mwaka baada ya mwaka, zikaanza kupanda tena.

Kwa nini zilipanda? Sheria haikulegezwa na adhabu haikupunguzwa. Kilichotokea ni kwamba madereva waligundua ukweli. Mwanzoni kelele za redio na magazeti ziliwafanya waamini kuwa kila kona ina askari mwenye kipimo. Wakanywa kwa hofu, wakaendesha, hawakukutana na mtu. Wakarudia. Zile siku thelathini na tisa zikawafundisha. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha historia chenye uzito kuliko vyote katika jambo hili, maana kinaonyesha sheria ile ile, yenye adhabu ile ile, ikizuia ajali wakati watu wanaamini watakamatwa, na ikiacha kuzizuia walipoacha kuamini.

Jimbo la New South Wales huko Australia lilijifunza hapo. Tangu tarehe 17 Desemba 1982 polisi wake walianza kusimamisha madereva ovyo ovyo, bila kungoja dalili yoyote, na kuwapima wote, mzee na kijana, tajiri na maskini. Vifo vilishuka, na kwa kuwa upimaji haukukoma, havikurudi vilikokuwa. Jambo moja zaidi lilionekana huko ambalo linafaa hata kwetu: mtu aliyekuwa akiona haya kukataa bilauri ya rafiki alipata sababu ya kukataa. Alisema, nisamehe ndugu yangu, njiani kuna polisi. Na rafiki hakununa.

Sasa turudi nyumbani. Motokaa katika Buha haikuanza kuwa ya starehe. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini nyanda hizi za juu ziliachwa kuwa ghala la vibarua. Baba zetu walikwenda manamba kwa miguu hadi kwenye mikonge ya Morogoro na Tanga, na tangu mwaka 1944 shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, likawa linawasafirisha kwa makundi. Gari lilipita mara chache, na lilipopita watoto walilikimbilia.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Watu walitolewa kwenye mashamba yao yaliyotawanyika wakapangwa katika vijiji, na vijiji vingi vikapangwa kandokando ya barabara, ili shule, zahanati na lori la pembejeo viweze kutufikia. Sina nia ya kuyajadili hapa mema na mabaya ya operesheni hiyo. Nataka msomaji aone jambo moja tu. Nyumba, shule, kisima na kilabu cha pombe vilihamia barabarani kwa pamoja. Maadamu barabara ilikuwa ya vumbi na magari ya kuhesabika, hatari ililala. Haikufa.

Mwaka uliofuata, 1973, nchi ilipata Sheria ya Usalama Barabarani ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo tunayoitumia. Sheria hii ilichukua yote mawili. Imekataza kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, yale maneno ya mwaka 1930, na pia imeweka kikomo cha miligramu 80 katika mililita 100 za damu, tarakimu ile ile ya Barbara Castle. Adhabu zake ni faini, kifungo, na kunyang'anywa leseni. Kwa hiyo mtu anayesema Tanzania haina sheria ya dereva mlevi amekosea. Ipo tangu Mwalimu Nyerere yuko Ikulu.

Ukitaka mfano wa sheria ya barabarani iliyotiiwa na Watanzania, hatuhitaji kwenda Australia. Walio na umri wangu wanakumbuka jinsi mafuta yalivyoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, serikali ikakataza magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Barabara zilitulia kama msiba. Wakubwa wenye magari yao walitembea kwa miguu. Je, ilikuwa ni kwa sababu ya ukubwa wa adhabu? Sidhani. Ni kwa sababu gari barabarani Jumapili saa tisa mchana lilionekana na kila mtu. Halikuwa na pa kujificha. Askari hakuhitaji daktari, wala kipimo, wala shahidi. Saa ya mkononi ilimtosha. Mkosaji hakuwa na siku thelathini na tisa. Siku yake ya kwanza ndiyo ilikuwa ya arobaini.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia ya uhakika miaka ya karibuni. Adhabu walikuwa nayo: sheria yao, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inampa dereva mlevi faini hadi shilingi 100,000 za kwao au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Mwezi Desemba 2013 wakaanza kusimamisha madereva usiku na kuwapulizisha kipimo, nacho kikawa maarufu kwa jina la Alcoblow. Nairobi nzima ilikizungumza. Lakini lile neno la mwaka 1930 lilikuwa linawangoja. Kanuni za kipimo zilisema kosa ni kuvuka kiwango. Sheria mama ilisema kosa ni kushindwa kulimudu gari. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwezi Januari 2017 majaji wakaamua kwamba kanuni haziwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haikulitaja. Kumpima dereva hakukukatazwa, lakini kumshitaki kwa tarakimu ya kipimo peke yake kukawa hakuwezekani. Ikabidi ithibitishwe kwamba alishindwa kulimudu gari. Tazama, msomaji, jinsi maneno ya Bunge la London yalivyoweza kumwokoa mlevi wa Nairobi baada ya miaka 87, bila mtu yeyote kupunguza faini wala kifungo.

Na sisi huku Kasanda? Hatari iliyolala imeamka. Tangu mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi walipomiminika, magari ya mashirika yalijaa katika barabara za Kibondo. Mwaka 2010 serikali iliweka kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria, na bodaboda ikawa ajira ya kwanza ya kijana aliyemaliza shule. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita zipatazo 260, lami tuliyoiomba kwa miaka mingi na ambayo mimi ni wa kwanza kuishukuru. Lakini lami ni mwendo. Kijiji kilichopangwa kandokando ya vumbi mwaka 1972 sasa kinapitiwa na mwendo huo mlangoni.

Hata takwimu zenyewe zinaeleza ni kiasi gani hatuoni. Kwa mwaka 2016 taarifa rasmi ya nchi ilikuwa vifo vya barabarani 3,256. Shirika la Afya Duniani kwa makadirio yake lilisema ni 16,252. Ikiwa tofauti ni kubwa hivyo katika kuwahesabu waliokufa, ambao wana makaburi, basi vipi kuhusu kuwahesabu waliokunywa, ambao asubuhi wananuka sabuni?

Nasema hivyo kwa sababu nimeliona. Miaka michache iliyopita kijana niliyemfundisha, dereva wa bodaboda, aligongwa usiku na gari dogo la mizigo lililotoka mnadani. Dereva wa gari alikuwa amelewa. Waliomtoa kwenye usukani walisema hivyo wote, siku ile. Kijana alifariki kabla ya alfajiri. Dereva alifikishwa kituoni asubuhi, na damu yake haikupimwa. Hebu tupige hesabu. Mwili wa mtu huondoa pombe kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa kila saa. Aliyekuwa na miligramu 150 saa nne usiku, karibu mara mbili ya kikomo, kufika saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwa na 30 tu. Sheria inamwona mtu safi. Usingizi umemtetea kuliko wakili.

Baadaye ndugu wa dereva walikuja na rambirambi, wakagharimia mazishi, wakaleta ng'ombe. Mashahidi waliosema hivyo wote siku ile, walipoitwa tena hawakukumbuka vizuri. Kesi ikafifia. Mama wa marehemu alinijia akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Hivi serikali haina sheria ya mtu kama yule?" Nikamwambia, "Ipo, mama." Akasema, "Basi ilikuwa wapi?"

Katika mkutano wa kijiji uliofuata, mzee mmoja alisimama akataka tumwandikie mbunge apeleke hoja ya kifungo cha maisha, na watu wakashangilia. Niliomba nafasi nikasema ninayoyaandika hapa. Ukali peke yake una madhara yake, na katika kisa cha kijana yule madhara hayo yalionekana bayana. Shahidi anayejua kwamba maneno yake yatampeleka baba wa watoto sita jela maisha, husahau upesi. Ukoo wa mkosaji huleta ng'ombe wawili badala ya mmoja. Na penye askari au karani mwenye tamaa, faini ikipanda, bei ya kunyamaza nayo hupanda. Aliyekuwa anaomba ya chai sasa anaomba ya mchele. Adhabu kubwa isiyo na uhakika haimwongezei mlevi hofu. Inawaongezea wengine sababu za kumficha.

Kuna na jambo la saa. Tunapozungumzia kumtisha mlevi, tunamfikiria akiwa amesimama karibu na gari lake saa nne usiku, ufunguo mkononi, akipima miaka ya jela. Mtu huyo hapimi chochote. Pombe imekwisha kumnyang'anya mizani. Mtu wa kutishwa ni yule wa saa kumi na mbili jioni, bado ana akili zake, anaketi na kuagiza ya kwanza. Huyo anaweza kujiuliza: leo nitarudije? Na atajiuliza tu kama anajua kwamba usiku huu, katika barabara hii, kuna atakayemsimamisha. Mimi katika miaka yangu hapa nimewaona trafiki wengi mchana, wakikagua matairi na leseni. Usiku wa mnada sijawaona.

Mzee yule alinijibu neno ambalo sikulipuuza. Alisema, "Mwalimu, wewe unazungumzia watakaokufa kesho. Huyu aliyekufa jana, haki yake iko wapi?" Ni kweli. Adhabu ina kazi mbili, na tunazichanganya. Kazi moja ni kumlipia aliyeumizwa, kutamka mbele ya watu kwamba uhai wake ulikuwa na thamani. Kwa kazi hiyo uzito wa adhabu una maana, na aliyeua kwa ulevi asiondoke kwa faini inayolingana na bei ya mbuzi. Kazi ya pili ni kumzuia mwingine. Kwa kazi hiyo, historia ya Norway, ya London na ya Jumapili zetu wenyewe inasema kitu kimoja: miaka iliyoandikwa kitabuni inafanya kazi ndogo kuliko taa ya askari barabarani. Na hata hiyo kazi ya kwanza haifanyiki bila ya kukamata na kupima, maana huwezi kumlipia marehemu kwa kesi isiyofika mahakamani.

Basi barua iliandikwa, nami ndiye niliyepewa kalamu. Haikuomba kifungo cha maisha. Iliomba kipima ulevi na askari wa usiku katika siku za mnada, hata kama ni mbili tu kwa mwezi, ila zisijulikane mapema. Iliomba dereva aliyegonga mtu apimwe usiku ule ule, kabla ya kulala. Na kwa upande wetu kijiji kilikubaliana kwamba mwenye kilabu ashike ufunguo wa pikipiki ya anayekunywa hadi asubuhi, na kwamba abiria asipande bodaboda inayonuka, hata kama ni ya mpwa wake. Hayo ya pili hayakumngojea mbunge. Yalianza, yakalegea, yakakumbushwa, yakaanza tena. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, vile vifuko vya pombe kali vilivyokaa vizuri katika mfuko wa shati la dereva, tulidhani tumemaliza. Tulikuwa tumemwondolea mlevi chombo kimoja. Tabia ilitubakia wenyewe.

Sitaki msomaji afunge ukurasa huu akidhani namtetea mtu anayeendesha amelewa. Namwogopa kuliko chui, maana chui hakai barabarani. Ila nimechoka kuona kila msiba ukitulizwa kwa kudai adhabu kubwa zaidi, kisha usiku wa mnada unaofuata barabara iko tupu kama jana. Kudai ukali ni rahisi. Hakugharimu mafuta ya gari la polisi, wala posho ya askari, wala uhusiano wako na jirani anayeuza pombe. Kuwa na uhakika kunagharimu vyote hivyo. Ndiyo maana nchi nyingi zimechagua ukali, na nchi chache zimechagua uhakika. Wewe ulie na ndugu mwenye chombo, usingoje nchi ichague. Jioni akijiandaa kutoka, muulize atarudije, na akae nawe mpaka akujibu.